Je, wajua kwa nini Misa ya Rorate huadhimishwa gizani?

Ni Jumamosi ya Majilio, majuma ya kungojea Noeli, bado hakujapambazuka. Waamini wanaingia kanisani na hakuna taa hata moja iliyowashwa. Kila mtu ana mshumaa mkononi. Hiyo ndiyo Misa ya Rorate, Misa ya heshima ya Bikira Maria iliyoota mizizi hasa Ujerumani, Austria na Poland. Jina lake ni neno la kwanza la antifona yake ya mwanzo, yaani aya fupi ya kuingilia, kwa Kilatini, kutoka Isaya 45:8: "Dondokeni, enyi mbingu, toka juu."

Wengi hulieleza giza hilo kuwa ni dhambi, au dunia kabla ya Kristo. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Rudi nyuma katika sura hiyohiyo hadi aya ya 3, Mungu anaahidi: "nami nitakupa hazina za gizani." Kule Sinai watu walisimama mbali, Musa ndiye aliyelikaribia giza kuu, na Mungu alikuwa humo (Kutoka 20:21). Sulemani naye, hekalu lilipokamilika, alikumbusha kwamba Bwana alisema atakaa katika giza nene. Sasa mfikirie Maria katika wiki zake za mwisho: Mwana yupo tayari, anacheza tumboni, na hakuna jicho lililomwona. Ndiyo sababu Misa hii ni ya Mama. Tunayemngoja yumo ndani ya giza lenyewe. Poland huwasha kwa ajili ya Maria mshumaa wa pekee wenye utepe mweupe, uitwao roratka, na watoto huja na taa zao za mkononi.

Ulaya Disemba ina giza la kutosha. Kwetu sivyo. Dar es Salaam mchana wa Disemba ndio mrefu kuliko wote katika mwaka, na jua huchomoza kama saa 12 na dakika 5. Kwa hiyo giza tulitafute kwa saa. Dar anzeni saa 11 kamili. Nairobi, ambako jua huchomoza kama saa 12:20, saa 11 na robo inafaa. Mkichelewa hadi saa 11:40 Dar, anga imeshakuwa nyeupe na mishumaa inabaki pambo tu.

Chagueni tarehe kabla ya 17 Disemba. Kuanzia siku hiyo hadi 24, kila siku ina Misa yake na Misa za heshima kama hii kwa kawaida haziruhusiwi. Padre huvaa nyeupe, si zambarau.

Kinachoharibu mara nyingi ni simu. Jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na mwanakwaya mmoja anayesoma wimbo kwenye kioo cha simu anawarudisha nyuma wote waliomzunguka. Kwaya iimbe nyimbo inazozijua kwa moyo. Msomaji awekewe mishumaa miwili kwenye mimbari, mmoja kila upande, maana mmoja hutupa kivuli cha mkono juu ya maandishi. Akishindwa kusoma, mtu ataenda kuwasha taa za umeme, na hapo kazi yote imekwisha.

Mishumaa ya mikononi nayo ina adabu yake. Kata utambi ubaki kama nusu sentimita, la sivyo utatoa moshi. Pitisha mshumaa katikati ya duara la karatasi ngumu ili nta isiunguze vidole. Wakati wa kupokezana moto, unaolazwa ni mshumaa usiowaka. Unaowaka usimame wima, usije ukamwaga nta juu ya nguo ya jirani. Zimeni feni na fungeni madirisha ya upande wa upepo: mwali ukilala, nta huyeyuka upande mmoja tu na kutiririka.

Msiwashe taa hata baada ya komunyo. Kama kanisa lina madirisha mashariki, huo ndio wakati nyuso za watu huanza kuonekana zenyewe, polepole, na mwali wa mshumaa kufifia ungali unawaka.