Kijana mtu mzima aliyekwama nyumbani: maswali na majibu kwa wazazi

Alimaliza chuo miaka miwili iliyopita, akarudi nyumbani, akatuma maombi ya kazi mpaka akachoka, na sasa analala mchana na kukesha usiku huku mlango wa chumba chake umefungwa. Majibu yafuatayo ni ya maswali ambayo wazazi wa kijana kama huyu huuliza, mara nyingi kwa sauti ya chini, kwa sababu wanaona aibu.

Nitajuaje kama mwanangu ni mvivu tu au anaumwa?

Neno uvivu ndilo linalochelewesha matibabu kuliko jingine lolote, kwa hiyo tuliweke kando kwa muda na tutazame mabadiliko. Alikuwaje mwaka mmoja uliopita? Anayekwepa kazi bado atafurahia mpira, ataoga, ataenda kwa marafiki. Lakini mwenye sonona, yaani huzuni iliyogeuka kuwa ugonjwa, hata yale aliyoyapenda huwa hayana ladha tena kwake. Ikiwa hali ya huzuni au ya kutojali chochote inaonekana karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usio na sababu, kushindwa kutuliza mawazo na kujiona hana thamani, huyo anahitaji kupimwa. Kwa vijana wa kiume hasa, sonona mara nyingi hujitokeza kwa sura ya hasira na ulevi, nasi tukadhani ni utovu wa adabu. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na maradhi mengine ya mwili nayo huweza kumfanya mtu awe mnyonge hivyo, ndiyo maana kipimo cha hospitali hakikwepeki.

Mbona utotoni hakuwa na shida yoyote?

Umri huu ndio wenyewe. Sehemu kubwa ya maradhi ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 25, na skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti zisizosikiwa na wengine au aamini kwamba anafuatiliwa, kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini. Matumizi ya bangi, hasa ya mara kwa mara na yaliyoanza mapema, huongeza hatari hiyo. Kutafuta nani amemroga au ni mzazi yupi aliyemdekeza hakumsaidii mgonjwa.

Nianzeje kuzungumza naye bila kugombana?

Chagua wakati ambao hakuna hadhira. Mazungumzo ya mezani mbele ya wadogo zake, au siku wageni wamekuja, huwa ni kesi hata kama hukukusudia. Mnapochambua mchele au mnapotembea kwenda dukani, macho yakiwa kwenye kazi, maneno hutoka kwa urahisi zaidi. Eleza ulichokiona, usitoe hukumu: "Baba, naona siku hizi hulali, na chakula unakiacha. Sikuja kukugombeza, nataka kujua unavyojisikia." Kisha nyamaza, na ukimya ukirefuka, uvumilie. Usimlinganishe na mtoto wa jirani aliyeajiriwa benki; kijana wako anajilinganisha naye kila siku, na hahitaji msaada wako katika hilo. Akikataa kusema nawe, mila zetu zina njia: shangazi, mjomba au babu husikilizwa pale mzazi asiposikilizwa, mradi atumwe kwenda kusikiliza, si kwenda kufoka.

Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, je, sitampa wazo hilo?

Hapana. Kuuliza kwa upole na kwa maneno yaliyo wazi hakupandikizi wazo hilo. Mara nyingi humpa mtu nafuu kwamba hatimaye anaweza kulitamka. Duniani kote kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29, hivyo swali hili si la kuepukwa kwa kuogopa mkosi. Akijibu ndiyo, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, asiachwe peke yake. Dawa za kuulia wadudu, dawa ya panya na vidonge vyote vilivyomo ndani ya nyumba vifungiwe au viondolewe siku hiyo hiyo, kisha apelekwe hospitali bila kusubiri kesho.

Je, niendelee kumlisha na kumpa pesa?

Chakula na mahali pa kulala visitumike kama fimbo. Pesa taslimu ni jambo jingine, hasa kama kuna ulevi: ni heri kulipia nauli au dawa moja kwa moja. Mpe wajibu mmoja mdogo anaoumudu, kwa mfano kuchota maji au kumwagilia bustani kila asubuhi, kwa sababu kazi yenye saa maalumu humsaidia kurudisha mpangilio wa siku na wa usingizi.

Tumpeleke wapi, na dawa zinafanyaje kazi?

Kwa Tanzania, anzeni katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako mnaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Muhimbili, au Mirembe iliyopo Dodoma. Dawa za sonona huchukua takriban wiki 2 hadi 4 kabla nafuu haijaonekana, na wengi huziacha katika kipindi hicho wakidhani hazifai. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu zaidi, kwani mawazo ya kujiua huweza kuongezeka kwa baadhi yao. Nafuu ikipatikana, dawa kwa kawaida huendelea kwa miezi 9 hadi 12, na haziachwi ghafla. Dua na maombi yaende sambamba na dawa. Lakini popote mgonjwa anapofungwa minyororo, kupigwa au kukatazwa dawa, muondoeni.

Amekataa kabisa kwenda hospitali. Tufanyeje?

Akiwa hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, msisubiri ridhaa yake. Ombeni msaada wa hospitali, ofisi ya ustawi wa jamii au serikali ya mtaa. Kama hakuna hatari hiyo, yeye ni mtu mzima, na kumburuta hujenga chuki itakayomfanya aache matibabu mapema. Nenda wewe kwanza. Daktari huenda asikueleze siri za kijana wako, lakini anaweza kukusikiliza, na ukirudi unaweza kumwambia ukweli: "Nimekwenda kwa sababu nilikuwa silali kwa mawazo. Jumanne narudi, nami ningefurahi tukienda wote." Akikataa Jumanne hiyo, muulize tena wiki inayofuata, kwa sauti ile ile.