Koo la Mtoto na Valvu za Moyo

Watu wanaponiuliza namna ya kuzuia magonjwa ya moyo vijijini, hutarajia nianze na chumvi, mafuta na presha. Hayo yana mahali pake, na presha siku hizi imewafikia hata wakulima wanaoshinda na jembe. Lakini wagonjwa ninaowakumbuka zaidi hawakuwa na presha. Walikuwa wanafunzi wa shule ya msingi na akina mama vijana wenye mimba ya kwanza, na ugonjwa wao ulianza na koo lililouma wakati fulani, ambalo hakuna aliyelijali.

Bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A huingia kooni mwa mtoto, mara nyingi mwenye umri wa miaka 5 hadi 15. Kwa wengi koo hupona lenyewe. Kwa wachache, wiki 2 au 3 baadaye, kinga ya mwili iliyoandaliwa kumpiga bakteria huanza kumshambulia mtoto mwenyewe: magoti, vifundo vya miguu, ubongo, na kwa hatari zaidi, valvu za moyo, yaani milango ya damu iliyo ndani ya moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Jina lenyewe linatupotosha, kwa kuwa kijijini baridi yabisi ni maradhi ya wazee wanaoota jua asubuhi, na mtoto wa miaka 8 akilalamikia goti huambiwa anakua au ameumia mpirani. Leo ni goti. Keshokutwa goti limetulia na kifundo cha mguu wa pili kimevimba. Kuhama huko kwa maumivu ndiko kunakopaswa kutushtua.

Wapo ambao ugonjwa huwapitia ubongoni. Mikono huanza kucheza yenyewe, uso hukunjamana, kikombe cha uji humponyoka mtoto, na mwandiko uliokuwa mzuri mwezi uliopita huwa michirizi mitupu. Mwalimu anaona utundu, mtoto anachapwa. Bibi anaona mashetani, mganga anaitwa. Dalili hii huweza kujitokeza miezi kadhaa baada ya koo kupona, ndiyo maana hakuna anayeihusisha nalo.

Nami sijitoi lawamani. Mwaka nilipotoka chuoni, katika hospitali moja ya wilaya, nililetewa msichana wa miaka 11 mwenye homa na goti lililovimba. Nilimpima malaria, nikampa dawa ya maumivu, na goti lilipotulia siku ya 3 nikamruhusu kurudi nyumbani, nimeridhika kabisa. Stethoskopu ilikuwa shingoni mwangu muda wote, na sikuiweka kifuani pake. Alirudi baada ya miaka 2 akiwa hawezi kulala chali, anaegemea ukuta usiku kucha ili apate pumzi.

Kila shambulio jipya la homa hiyo huacha kovu juu ya kovu, mpaka valvu ya mitrali, ambayo ni kama mlango wa kupitisha damu upande mmoja tu, inakakamaa na kushindwa kufunguka au kufunga sawasawa. Msichana anaweza kuishi hivyo kwa miaka bila kujua, hadi apate mimba. Ujauzito huongeza damu inayozunguka mwilini kwa karibu nusu, na mlango uliosinyaa hauwezi kuipitisha. Katika mwezi wa 6 au wa 7 anaanza kuhema na kukohoa, na hapo ndipo yeye na sisi tunapogundua kwa mara ya kwanza. Upasuaji wa valvu unafanyika nchini Tanzania, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, lakini familia nyingi za Kanda ya Ziwa ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, na aliyewekewa valvu bandia ya kimakanika hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupimwa mara kwa mara jinsi damu yake inavyoganda, kipimo ambacho zahanati ya kijiji haina.

Kinga ya kwanza, basi, iko kooni. Koo lenye streptokoka likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku 9 tangu lianze kuuma, homa ya baridi yabisi huzuilika kwa sehemu kubwa. Kwa kuwa zahanati haina maabara ya kuotesha vimelea, tunategemea macho na vidole: homa, mafindofindo yaliyovimba yenye usaha, tezi za mbele ya shingo zinazouma zikiguswa, na kutokuwapo kwa kikohozi wala mafua. Kikwazo ninachokutana nacho zaidi ni kimeo. Mtoto mwenye koo hupelekwa kwanza kwa fundi wa kukata kimeo, anakatwa, anatokwa damu, anapewa dawa ya majani, na siku zile 9 zinakwisha huku familia ikiamini imeshamtibu. Sijawahi kumshinda bibi yeyote kwa kubishana naye juu ya kimeo. Siku hizi ninamwomba tu kwamba mtoto apitie zahanati kabla.

Maambukizi yenyewe hustawi pale watoto watano wanapolala mkeka mmoja katika chumba kisicho na dirisha. Huko Ulaya ugonjwa huu ulianza kupungua kabla penisilini haijapatikana, hali ya makazi ilipoboreka, kwa hiyo nikiona bweni jipya lenye nafasi ya kutosha kati ya kitanda na kitanda, mimi nalihesabu kuwa kinga ya moyo.

Kwa mtoto ambaye ameshaugua homa ya baridi yabisi, kinga ni sindano ya benzathini penisilini, penisilini inayokaa mwilini kwa muda mrefu, kila baada ya wiki 4, kwa miaka 10 au zaidi. Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa watoto na vijana 818 waliogunduliwa kwa ultrasaundi kuwa na dalili za mwanzo kabisa kwenye valvu, ulionyesha kwamba baada ya miaka 2 ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Kwa mgonjwa ambaye valvu zimeharibika vibaya, mimi huchagua vidonge, kwa sababu sindano hiyo inaweza kumletea mshtuko ambao moyo uliochoka hauuhimili.

Dawa ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Kinachotushinda ni kalenda. Masika mto unafurika, dawa inaisha stoo, mtoto anahamia kwa mjomba, na mama anauliza kwa haki kabisa kwa nini achomwe mtoto asiyeumwa. Sindano yenyewe ni nzito, huziba na huuma. Katika zahanati moja muuguzi aliachana na tarehe za kwenye kadi na kuwapangia watoto wake siku ya gulio, kila gulio la 4, kwa kuwa siku hiyo mama atakuja tu, kuwe na sindano au kusiwe. Humpa mtoto mwenyewe kichupa akitikise mpaka unga uchanganyike vizuri, kisha huchoma polepole wakihesabu pamoja kwa sauti. Mara ya mwisho nilipopita, mvulana mmoja alifika peke yake, mama yake akiwa bado anapanga nyanya sokoni, akanyoosha mkono na kudai kichupa chake.