Ruzuku ya kutunza udongo ifuate mteremko, isifuate ukubwa wa shamba

Masika yakikolea, nenda pale mto Sabaki unapomwaga Malindi uone bahari ilivyo nyekundu. Roho huniuma manake ule ni udongo wa mashamba ya watu, umeshuka kutoka Ukambani na juu zaidi, na visima vya Baricho tunavyotegemea maji hapa Mombasa viko kando ya mto huo huo.

Kazi yangu ni hifadhi ya udongo, nakaa Likoni, mashamba ninayozunguka mengi yako Kwale. Ruzuku tunayoijua huku ni ya mbolea, 2023 mfuko wa kilo 50 ukashushwa mpaka shilingi 2,500, na hilo ni zuri. Lakini kuchimba makinga maji halipwi mtu, na kanuni za kilimo za 2009 zinamtaka mkulima awe na miti asilimia 10 ya shamba lake. Mzee mmoja aliniambia, mwanangu, mbolea nimeweka Jumatatu, mvua ya Jumatano imeshuka nayo mtoni.

Wenzetu wanalipa, na wamekosea pia, tuangalie wapi. Marekani tangu 1985 serikali humlipa mkulima kodi ya kila mwaka apumzishe ardhi, mkataba miaka 10 mpaka 15, na maombi yanapewa alama, penye mmomonyoko mkubwa panaongezewa alama. Hilo la alama nalipenda sana. Ila 2007 walikuwa na ekari zaidi ya milioni 36, bei ya mahindi ikapanda, bunge nalo likapunguza kiwango, mikataba ikiisha watu wakalima tena, miaka kumi baadaye zimebaki kama milioni 23. Ulaya kwa muda mrefu pesa ilifuata hekta, yaani mwenye shamba kubwa ndiye aliyebeba. England nako Machi 2025 wakafunga ghafla maombi mapya ya malipo ya kutunza udongo na mazingira, bajeti imejaa, na mkulima alikuwa keshapanga msimu wake.

Kwa hiyo mimi nasema mwenye ekari mbili kwenye mteremko juu ya mto alipwe kabla ya mwenye ekari hamsini tambarare. Alipwe sehemu mwanzoni kabisa, kwa sababu fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu uwe tuta, ni jembe na mgongo wiki kadhaa na vibarua wanataka chao jioni, hawangoji tathmini. Iliyobaki atoe afisa wa kilimo baada ya misimu miwili ya mvua, akiona matuta yameshika. Na pesa ya mkataba mzima itengwe siku ya kutia sahihi.

Halafu hati. Huku Pwani watu wangapi wanalima shamba la babu zao na hati hawana? Ukisema lazima title deed umewatoa wengi, na kina mama ndio wa kwanza, ilhali wao ndio wako shambani kila siku. Mzee wa mtaa na majirani wanaopakana naye wanajua vizuri nani analima wapi, hao wakitia sahihi itoshe.

Hela itoke wapi? Costa Rica pesa ya kuwalipa wanaotunza misitu wanaitoa kwenye ushuru wa mafuta ya gari tangu miaka ya 90. Sisi tungeanza na bili za maji za Mombasa, shilingi chache tu kwa kila bili, zitengwe kwa mashamba ya juu ya chemchemi za Marere kule Kwale na kandokando ya Sabaki.