Passé simple ya Kifaransa: dhana potofu na ukweli wake

Wanafunzi wengi wa Kifaransa hukutana na passé simple wanapofungua hadithi au kitabu cha historia kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa njeo hii haisikiki katika mazungumzo waliyofundishwa, huijengea dhana ambazo baadaye huwazuia kusoma kwa raha. Passé simple ni njeo ya wakati uliopita inayoundwa kwa neno moja, bila kitenzi kisaidizi: il parla, elle finit, ils furent. Mwenzake wa kila siku, passé composé, huhitaji avoir au être mbele yake: il a parlé, elle a fini, ils ont été. Tofauti hiyo ya umbo ni nyepesi. Ugumu hutokana na yale yanayosemwa kuhusu matumizi yake na kuhusu namna ya kuipata.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba njeo hii imekwisha kufa. Iliyokufa ni sehemu moja tu ya maisha yake, yaani mazungumzo ya kawaida: Mfaransa anayemsimulia jirani safari ya jana hatasema j'allai wala nous mangeâmes, na mgeni atakayesema hivyo ataeleweka, lakini atasikika kama mtu anayesoma kitabu kwa sauti. Katika maandishi mambo ni tofauti kabisa. Riwaya, wasifu wa watu mashuhuri, vitabu vya historia na hata baadhi ya ripoti za michezo magazetini bado huitumia, na mtoto wa Kifaransa huisikia katika ngano anazosomewa kabla hajajua kusoma mwenyewe. Shuleni pia ingali inafundishwa. Mitaala iliyoanza kutumika nchini Ufaransa mwaka 2016 ilipotanguliza nafsi ya tatu katika madarasa ya chini, kulizuka mjadala mkali, jambo ambalo lisingetokea kwa njeo isiyo na wenyewe. Kwa msomaji wa Kongo au Burundi, ambako Kifaransa ni lugha ya masomo, kuikwepa passé simple ni kujifungia nje ya sehemu kubwa ya maktaba.

Wengine hukubali kwamba ni hai, lakini hudai kuwa ni ya mambo ya kale tu, ilhali passé composé ni ya mambo ya karibuni. Dai hili lina asili ya kweli. Sarufi ya Port-Royal, iliyotolewa mwaka 1660, ilieleza kwamba njeo hii haifai kwa jambo la siku ileile, bali kwa jambo lililotengana na leo kwa muda wa siku moja angalau. Kanuni hiyo haiongozi tena uandishi wa Kifaransa. Mwandishi wa riwaya inayosimulia mambo ya mwaka 3000 hutumia passé simple bila kusita, na mwandishi wa michezo huweza kuitumia kwa mechi iliyomalizika jana usiku. Kinachopimwa si umbali wa siku; ni namna ya kusimulia. Mwanaisimu Émile Benveniste alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1959 alipotenganisha usimulizi wa kihistoria, ambamo matukio hupangwa kana kwamba yanajieleza yenyewe, na mazungumzo, ambamo msemaji huyahusisha matukio na nafsi yake na wakati wake wa sasa. Passé simple aliiweka upande wa kwanza, na passé composé upande wa pili.

Dhana inayoleta makosa mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isemayo kwamba passé simple hueleza tendo fupi na imparfait, njeo ya tendo lililokuwa likiendelea, hueleza tendo refu. Sentensi moja inatosha kuibomoa: Louis XIV régna soixante-douze ans. Mfalme huyo alitawala tangu 1643 hadi 1715, na hakuna atakayeuita utawala huo kitambo kifupi, lakini kitenzi kimo katika passé simple. Sababu ni kwamba msimulizi anautazama utawala ule kama kitu kizima, chenye mwanzo na mwisho wake. Imparfait humwingiza msomaji ndani ya tendo lisiloonyeshwa mipaka yake. Ndiyo maana husemwa il pleuvait quand elle sortit, mvua ilikuwa ikinyesha alipotoka, lakini il plut pendant trois jours, mvua ilinyesha siku tatu. Mvua ya pili huenda ilidumu zaidi kuliko ya kwanza, ila imewekewa mpaka. Anayeshika wazo hili la mpaka hana haja ya kuhesabu dakika.

Msemaji wa Kiswahili ana kishawishi chake cha pekee, nacho ni kuilinganisha passé simple na kiambishi -ka- cha hadithi. Ulinganisho huu husaidia mwanzoni. Alifika, akaketi, akaomba maji, huwa il arriva, s'assit et demanda de l'eau, na katika lugha zote mbili vitenzi hufuatana kama matukio yalivyofuatana. Lakini angalia kitenzi cha kwanza. Kiswahili hufungua kwa -li- kisha huendelea kwa -ka-, kwa sababu -ka- huegemea wakati uliokwisha kutajwa. Kifaransa hakibagui, vitenzi vyote vitatu vimo katika umbo lilelile. Passé simple husimama pia peke yake, bila tukio lolote la kutangulia: Napoléon mourut en 1821. Mwanafunzi anayesubiri kitenzi cha kufungulia ndipo atumie passé simple atachanganya njeo mbili ndani ya aya moja. Isitoshe, -ka- ni mali ya kila mtu, sokoni na nyumbani, na hata huingia katika amri kama nenda kamwone, mahali ambapo passé simple haina nafasi.

Tukija kwenye maumbo yenyewe, husemwa kwamba kila kitenzi kina umbo lake na hakuna njia ila kukariri. Ukweli ni kwamba kuna mafungu manne tu ya viishio. Vitenzi vya -er, ambavyo ndivyo vilivyo wengi kabisa, huchukua -ai, -as, -a, -âmes, -âtes, -èrent, na hata aller, kinachosumbua kwingineko, hapa ni mtiifu: il alla, ils allèrent. Vingi vya -ir na vya -re huchukua -is, -is, -it, -îmes, -îtes, -irent. Fungu la tatu ni la -us, -us, -ut, -ûmes, -ûtes, -urent, ambamo wamo être na avoir: il fut, il eut. La nne ni la venir, tenir na vitenzi vilivyozaliwa navyo: il vint, ils vinrent. Kwa msomaji, nafsi ya tatu, umoja na wingi, ndiyo atakayoikuta mara nyingi mno, kwa hiyo aanze nayo; nafsi ya kwanza ya umoja ifuate, kwa kuwa riwaya nyingi husimuliwa na mhusika mwenyewe. Nous na vous ni adimu.

Walimu wengine hutoa njia ya mkato: chukua umbo la kitenzi linalofuata avoir au être katika passé composé, nawe utapata passé simple. Ni kweli kwa lu na il lut, bu na il but, su na il sut, pris na il prit, mis na il mit. Lakini njia hii hupotosha pale pale inapoonekana salama. Vu haitoi il vut, hutoa il vit. Rendu na battu huenda kwenye il rendit na il battit. Né huwa il naquit, mort huwa il mourut, fait huwa il fit, na écrit huwa il écrivit. Itumike kama msaada wa kumbukumbu, isifanywe kanuni.

Kuhusu alama ya kofia, baadhi huiandika kila mahali ili maandishi yaonekane ya kifasihi. Kwa kawaida kofia hukaa kwenye nous na vous pekee: nous fûmes, vous parlâtes, isipokuwa haïr, ambacho hubaki na nukta zake, nous haïmes. Il fût yenye kofia ni umbo la njeo nyingine, imparfait du subjonctif, wala si mapambo. Marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990, yaliyoruhusu kuondolewa kwa kofia juu ya i na u katika maneno mengi, yaliiacha ile ya passé simple kama ilivyokuwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba umbo likionekana, njeo imejulikana. Il finit ni sasa na ni passé simple vilevile. Il vit huweza kuwa anaishi, kutoka vivre, au aliona, kutoka voir. Na je parlai hutofautiana na je parlais ya imparfait kwa herufi moja tu. Hapo vitenzi vya jirani ndivyo huamua.

Hatimaye, si kweli kwamba fasihi yote hulazimika kuitumia. L'Étranger ya Albert Camus, iliyotoka 1942, imesimuliwa kwa sehemu kubwa katika passé composé, na chaguo hilo ni la makusudi. Hata riwaya iliyoshika passé simple huiacha wahusika wanapofungua vinywa, nao husema j'ai vu kama watu wengine. Tena vipo vitenzi visivyo nayo kabisa katika matumizi ya leo, kama traire, extraire, distraire, clore na frire. Mwandishi akifika hapo hubadili kitenzi: aliyetaka kusema alitoa risasi jeraha­ni kwa extraire huandika il retira la balle, na sentensi huendelea katika njeo ileile.