Kadi ya launji haiingizi ukoo mzima

Huku Mtwara watu wameshajiaminisha kwamba ukiwa na kadi ya launji, ule ukumbi wa eapoti wa abiria kupumzika na kula, basi unaingia na mke, watoto na shemeji wote bure. Si hivyo jamani. Kadi inamwingiza mwenye jina lake, wageni wanahesabiwa kwa kichwa, na kwa kadi kama Priority Pass mnaingia vizuri tu mnakula sambusa, hela inakuja kukatwa baadaye kwenye kadi ya benki, ndo maana wengi wanadhani ilikuwa bure. Kuna benki zinakupa mgeni mmoja au wawili ndani ya ofa, kwahiyo soma masharti yako usisikilize ya jirani. Watoto wachanga launji nyingi hawalipiwi, ila umri kila launji na wake.

Kingine, mkishuka Dar kuunganisha ndege ya nje, launji za kimataifa ziko ndani baada ya uhamiaji, yule mjomba aliyekuja kuwasindikiza na kifuko cha korosho anaishia nje. Na muda wa kukaa launji nyingi ni kama masaa matatu tu, sio kulala.