Kinyonga hajifichi kwa rangi

Mtu akihama chama leo, kesho vijiwe vyote vya Tukuyu vinamwita kinyonga. Mimi kazi yangu ni reptilia wa milima ya Rungwe na Poroto, huku kusini-magharibi mwa Tanzania, na naona mnyama huyu anasingiziwa. Kujificha anajificha, tena kwa ustadi, ila si kama tunavyosimuliana, eti hugeuka rangi ya kila kitu anachokikanyaga. Mweke juu ya khanga nyekundu uone: hageuki mwekundu.

Rangi yake ya utulivu, kijani au kahawia, tayari inaendana na majani anamoishi. Kinachombadilisha hasa ni hasira, uchumba, hofu, joto na baridi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza jinsi hilo linavyotokea kwa kinyonga mmoja wa Madagaska. Ndani ya ngozi yake mna seli zenye fuwele, yaani chembe ngumu kama za chumvi ila ndogo mno, za kemikali iitwayo guanini. Akitulia, fuwele hukaribiana na kuakisi buluu. Buluu hiyo ikichanganyika na umanjano wa ngozi ya juu, sisi tunaona kijani. Akichachamaa, fuwele huachana, na rangi huelekea manjano, hata nyekundu. Hapo anataka aonekane! Na ukimkuta kwenye uzio wa miti asubuhi ya Julai, baridi ya Poroto ikiuma, naye mweusi tii, usimwogope: anaota jua, maana weusi hunyonya joto.

Kujificha kwenyewe kumo mwilini na katika mwendo. Hujibana mbavu akawa bapa, hutembea akiyumbayumba kama jani linalopepewa, na ukimsogelea huzunguka taratibu upande wa pili wa tawi, macho yake yakikufuata. Wale wadogo wa sakafu ya msitu wamefanana na jani kavu kabisa.

Rangi nayo ina mchango wake, sikatai. Kuna vinyonga wadogo wa Afrika Kusini ambao hujifananisha na tawi zaidi wanapotishwa na ndege kuliko wanapotishwa na nyoka, kwa kuwa ndege hupambanua rangi vizuri zaidi.

Usiku mambo hugeuka. Akilala hupauka, na mwanga wa tochi ukimpiga pale kwenye ncha ya tawi anaonekana mweupe kabisa kati ya majani. Ndiyo maana sisi tunaowahesabu hutoka giza likishaingia. Mchana tungepita chini yao tusiwaone.