Kabla ya Kulipa Kituo: Jinsi ya Kuchagua Tiba ya Uraibu Mombasa

Na Afisa wa Elimu kwa Umma, Huduma za Matibabu ya Uraibu, Mombasa

Malalamiko kuhusu vituo vya kurekebisha waraibu katika Kaunti ya Mombasa yanaongezeka, na mengi yanafanana. Familia huchangishana pesa, humpeleka kijana mahali palipopendekezwa na jirani, hulipa miezi mitatu kwa mkupuo, kijana hurudi nyumbani amenenepa na ana adabu, na kabla ya mwezi kwisha ameonekana tena maskani, kijiwe cha kutumia dawa za kulevya. Familia hiyo huja ofisini ikitaka kuambiwa ni kituo gani kinachoponya. Hakuna afisa anayeweza kulijibu swali hilo kwa uaminifu, kwa sababu tiba huchaguliwa kwa kuangalia dawa ya kulevya anayotumia mtu, muda ambao ameitumia, hali ya mwili na akili yake, na watu atakaoishi nao baada ya matibabu.

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni tathmini. Hufanywa na daktari, afisa wa kliniki au muuguzi wa afya ya akili, na inaweza kuanzia katika hospitali ya umma. Mgonjwa huulizwa anatumia nini, kiasi gani, kwa kuvuta au kwa kujidunga, mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama anachanganya. Hupimwa mkojo, Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini aina ya B na C. Huulizwa pia iwapo amewahi kufikiria kujiua. Kituo kinachokubali kumpokea mgonjwa kwa simu na kutaja nambari ya kutumia malipo kabla ya kuuliza anatumia dawa gani hakijafanya tathmini, na familia inapaswa kuondoka hapo.

Tofauti ya dawa ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Anayekunywa pombe kila siku kwa miaka, iwe ni chang'aa, mnazi au ya chupa, pamoja na anayemeza bugizi (vidonge vya kutuliza na kulevya), hapaswi kufungiwa chumbani ili aache ghafla. Mlevi wa muda mrefu anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na baina ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kutetemeka, kupata homa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Hutibiwa hospitalini kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa hatua kwa hatua, vitamini B1 na uangalizi wa usiku na mchana. Arosto ya unga, yaani mateso ya mwili mtu anapokosa heroini, ni tofauti: huanza baada ya muda wa saa nane hadi ishirini na nne tangu kete (kipimo) ya mwisho, na kwa kawaida huendelea kati ya siku 4 na 10, ikiwa na maumivu ya mifupa, kutapika, kuhara na kukosa usingizi. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi huipita salama akipata maji na dawa za kupunguza dalili. Hatari yake kubwa huja baadaye, na nitaieleza.

Kwa uraibu wa unga, tiba yenye ushahidi mwingi zaidi ni methadone, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga mwilini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kenya ilianza kuitoa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, ikafuata Malindi mwanzoni mwa 2015, kisha Kisauni hapa Mombasa; hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa huduma hiyo imefika. Haitozwi pesa. Aghalabu mgonjwa hupitia kwanza kwa mashirika ya jamii yenye watu wa kufika maskani, kama vile Reachout Centre Trust na MEWA, ambako huandaliwa na kutakiwa awe na msaidizi wa familia au rafiki, ndipo apelekwe kliniki. Dozi ya kwanza huwa ndogo na hupandishwa polepole. Mgonjwa hufika dirishani kila siku, hutambuliwa, hupimiwa dawa yake ya maji katika kikombe kidogo, huinywa mbele ya mhudumu, kisha huzungumza maneno machache kabla ya kuondoka ili ionekane kwamba ameimeza. Aliyekosa siku tatu mfululizo au zaidi hapewi kipimo chake cha awali mpaka achunguzwe upya, kwani mwili umeshapoteza ustahimilivu, yaani uwezo wa kuhimili kiasi ulichozoea. Utaratibu huu haukuwekwa ili kumdhalilisha mtu. Methadone ikichanganywa na pombe au bugizi inaweza kusimamisha pumzi, na ikitoka mlangoni bila udhibiti itamdhuru mtoto au mtu asiyeizoea.

Sasa, kuna maneno ambayo tumeyasikia vikaoni, misikitini, makanisani na hata kwa watumishi wa afya: kwamba methadone ni kubadilisha unga kwa unga wa serikali. Tumelijibu hili mara nyingi, na inachosha kuona bado linawafanya wazazi wamwondoe mtoto kliniki. Mtu anayejidunga hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, na kati ya kete moja na nyingine hutafuta pesa kwa njia yoyote. Methadone hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, huzuia arosto, haimpi aliyezoea dozi yake ile raha ya kujidunga, na humwezesha kwenda kazini asubuhi. Anayeitumia kwa mwaka mmoja, miwili au mitano yuko katika matibabu sawasawa na mwenye kisukari anayetumia insulini. Kumwachisha kwa haraka kwa sababu jirani amesema ni aibu kunamrudisha alikotoka. Mwanamke mjamzito anayetumia unga, hasa, asiachishwe ghafla nyumbani. Mimba yenyewe huingia hatarini, na methadone chini ya uangalizi wa kliniki ndiyo njia inayopendekezwa.

Shida ya kweli ni safari. Anayeishi Likoni na kutibiwa Kisauni huvuka feri na kupanda matatu kila siku, mvua ikinyesha au nauli ikikosekana. Familia inayouliza imsaidie vipi ianzie hapo: nauli ya kila siku na mtu wa kufuatana naye miezi ya mwanzo huleta faida kuliko ada ya kituo cha mbali.

Kituo cha bweni kina nafasi yake. Kinamfaa ambaye nyumbani kwake kuna wengine wanaotumia, mwenye ugonjwa wa akili unaohitaji uangalizi wa karibu, au aliyejaribu kutibiwa akitoka nyumbani ikashindikana. Kwa bangi na muguka, majani ya kutafuna yanayofanana na miraa, hakuna dawa maalumu ya kuachisha. Kazi kubwa hufanywa na ushauri nasaha wenye mpango, na wengi hutibiwa bila kulala kituoni. (Mjadala wa amri ya kaunti ya Mei 2024 ya kupiga marufuku muguka, ambayo mahakama iliisimamisha, hauhusiani na haki ya mtafunaji kupata matibabu, anayo haki hiyo chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba, amri iwepo au isiwepo.) Siku 90, ambazo zimegeuzwa kuwa kama kipimo cha kupona, zina maana nyingine kabisa: utafiti unaonyesha kwamba matibabu ya chini ya muda huo huwa na matokeo hafifu. Huo ni mwanzo. Kwa methadone, miezi 12 huhesabiwa kuwa kiwango cha chini.

Kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa stakabadhi, na usiridhike na fremu iliyotundikwa ukutani. Cheti cha ithibati cha NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, kinapaswa kusomwa: jina la kituo ni hilo lililo langoni au ni jingine, mahali palipotajwa ni hapo mlipo au ni tawi la mji mwingine, huduma iliyoidhinishwa ni ya kulaza au ya kutwa, na tarehe imekwisha au bado. Kisha uliza leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ikiwa kituo kinatoa dawa au kinawatoa watu sumu mwilini, na usajili wa mtaalamu anayesimamia matibabu: daktari kwa baraza lake, muuguzi kwa lake, afisa wa kliniki kwa lake, mshauri nasaha kwa bodi iliyoundwa na Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Cheti cha usajili wa biashara au kibali cha kaunti si ithibati ya matibabu, na mwenye kituo anayekuonyesha hicho peke yake anajua hivyo. NACADA huchapisha orodha ya vituo vilivyoidhinishwa, na nambari 1192 hupigwa bila malipo kuuliza.

Mtu aliyeacha unga mwenyewe anaweza kuwa mshauri mwema, na tuna wengi wa kutegemewa. Lakini kuacha peke yake hakumpi ujuzi wa kutibu degedege usiku wa manane.

Jambo linalohitaji kuelezwa kwa urefu ni matumizi ya nguvu, kwa kuwa familia nyingi huliona la kawaida. Watu hulipwa waje alfajiri wamkamate kijana, wamfunge mikono na kumtia garini. Mtu mzima ana haki ya kukubali au kukataa matibabu. Sheria ya Afya ya Akili, Sura 248, ilivyorekebishwa 2022, inamtambua mwenye uraibu wa pombe au dawa kuwa miongoni mwa wanaolindwa nayo, na pale ambapo hali yake ni ya hatari kwake au kwa wengine naye hawezi kuamua, ipo njia ya kumlaza bila ridhaa yake: jamaa hupeleka maombi ya maandishi, mtaalamu aliyesajiliwa humchunguza na kutoa mapendekezo, na hulazwa mahali palipoidhinishwa kwa kazi hiyo. Nje ya utaratibu huo, kumzuilia mtu isivyo halali ni kosa chini ya kifungu cha 263 cha Kanuni ya Adhabu, lenye adhabu ya hadi mwaka mmoja gerezani. Kumpiga na kumuumiza ni kosa chini ya kifungu cha 251, hadi miaka mitano. Na ikiwa ni madhara makubwa, kifungu cha 234 kinaruhusu kifungo cha maisha. Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza viboko na utendewaji wa kikatili, na karatasi iliyotiwa sahihi na mzazi haiwezi kuhalalisha mnyororo. Vivyo hivyo, kituo kinachosambaza picha za wagonjwa walionyolewa vichwa ili kujitangaza kinaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5.

Kuhusu malipo, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Thibitisha kwamba kituo kina mkataba nayo na kwamba idhini imetolewa kabla ya mgonjwa kulazwa. Mkataba na kituo uandikwe, utaje ada yote, kitakachorudishwa mgonjwa akitoka mapema, na siku za familia kumtembelea. Kituo kisichoruhusu kumwona mgonjwa kwa miezi mitatu mizima kinaficha kitu.

Kusomewa na dua hatukupingi. Imamu au mchungaji anayemsindikiza mgonjwa kliniki humpa nguvu ambayo sisi hatuna. Tunachokataa ni kuambiwa aache dawa za hospitali kwanza ndipo asomewe.

Nilisema hatari ya unga huja baadaye. Aliyetoka gerezani, kituoni au kwenye mwezi wa Ramadhani alioupitisha bila kutumia huwa amepoteza ustahimilivu, na akirejea kiasi alichozoea, hata mara moja tu, pumzi inaweza kukatika. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka, pamoja na siku za Idi, familia inapaswa kuwa macho zaidi. Anayekoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikibadilika rangi, akiwa haamki, alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe wazi ametumia nini ili wampe naloxone, dawa inayorudisha pumzi iliyokatwa na unga. Kuficha kwa kuogopa aibu kumewagharimu watu maisha. Na akianguka tena lakini akawa hai, asifukuzwe. Kurudia hutokea kwa takriban asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa, kiwango kisichopishana sana na cha wenye shinikizo la damu wanaoacha kufuata matibabu. Hapo mpango hubadilishwa: dozi huangaliwa upya, ushauri huongezwa, ugonjwa wa akili uliojificha hutafutwa.

Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajatoka kituoni, dai mpango wa ufuatiliaji ulioandikwa: tarehe ya kliniki, jina la mshauri, kikundi cha kukutana nacho kila wiki, mahali atakapolala ikiwa mtaa wake ndio maskani yenyewe, na kazi au mafunzo atakayoanza, hata kama ni nusu siku. Mwanamke mwenye watoto aulizwe nani atawalea wakati wa miadi. Swali hili husahaulika, naye hukosa miadi na kuitwa mkaidi.

Mwenye malalamiko dhidi ya kituo aandike jina lake na mahali kilipo, tarehe ya kulazwa na kutoka, jina la aliyepokea pesa, na ambatisho la risiti au ujumbe wa M-Pesa, kisha awasilishe NACADA. Nakala iende KMPDC ikiwa ni jambo la matibabu. Aliyejeruhiwa aende kwanza hospitali na kituo cha polisi apate fomu ya P3 ya kuandikia majeraha, wala asisubiri majibu yetu. Malalamiko yanayoletwa kwa mdomo, bila tarehe wala jina la kituo, tunayasikiliza, lakini mkaguzi hawezi kubisha hodi kwa maelezo ya "ile nyumba ya geti jeusi kule Bamburi".